Kuhusu Bwawa la Reli

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote tu wazima, na mvua imeanza vizuri. Uliponipigia simu uliniuliza kama niko upande wa wanaotaka bwawa la reli litangazwe turathi na lizungushiwe seng'enge, au upande wa wakulima wa viazi wanaotaka litolewe matope wapate maji ya pampu zao. Nimelifikiria swali lako wiki nzima, na kila mara ninachokiona ni debe la maji la mama yangu, nyanya yako.

Reli ya Kisumu ilifika ziwani mwaka 1901, lakini kabla ya kuteremka huko ni lazima ipande milima ya Mau, na pale kileleni, Mau Summit, ni zaidi ya mita 2,500. Injini ya mvuke ikipanda mlima hunywa maji vibaya sana. Tena si maji yoyote. Ya Ziwa Nakuru yana magadi, yangetoa povu ndani ya boila. Ndiyo maana walitafuta vijito vya huku juu vinavyotoka msituni, wakaviwekea ukuta wa udongo na mawe, ndilo bwawa lenyewe, wakavuta bomba la chuma hadi tangi la stesheni. Wageni hupiga picha za tangi. Waliobeba mawe ya ule ukuta hawana hata kibao chenye majina yao.

Nilizipenda Garratt, zile injini kubwa za mvuke, sikufichi. Tangi moja la maji mbele, jingine nyuma, boila katikati. Zikisimama kujaza, maji yalimwagika pembeni, nasi watoto tukayakinga kwa sufuria huku mvuke ukitulowesha nywele. Hakuna aliyetufukuza.

Kisha ukaja ukame wa 1984. Injini za mvuke zilikuwa zimeshaondoka, treni zinavutwa na dizeli, na maji yale hayakuwa na kazi nyingine. Hata hivyo lango lilikuwa na kufuli. Mlinzi mwenye funguo alimkuta nyanya yako akitoka kwenye pengo la ua, debe limejaa. Hakumtukana. Alimtua lile debe kichwani, akalimwaga polepole hadi tone la mwisho, kisha akamrudishia kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, kaka yako mgongoni analia kiu. Mama hakusema neno hadi tulipofika nyumbani, na hata huko alichosema ni kwamba ng'ombe wasipelekwe tena upande ule.

Siku zote nimesema, na unajua nitasema tena: bwawa ni la anayechota.

Lakini mlinzi yule yule ndiye aliyezuia watu wasilime hadi ukingoni. Enzi zake maji yalikuwa safi, unaona mawe chini. Alipoondoka, kila mtu akajimegea kipande, mjomba wako akiwa wa kwanza, udongo ukaporomoka kila masika, na leo nusu ya bwawa ni matete. Basi wanaochota nao wameliua. Nikifika hapo nawaelewa watu wa turathi. Sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza mahali pa namna hiyo kwenye Gazeti Rasmi, na likishatangazwa, hakuna wa kuung'oa ule ukuta akajengee choo. Hilo ni jema. Nikishasema ni jema, nasikia tena maji yakimwagika chini.

Najua unataka niseme ndiyo au siyo, na ulimi unaniwasha kusema. Sitasema bado. Turathi ya pale si ukuta na tangi peke yake, ni pia nani aliruhusiwa kuchota na nani alirudi na debe tupu, na hayo hayamo katika karatasi walizotuletea. Bwawa ni la anayechota, hata likiwa turathi.

Chifu ameitisha baraza mwezi ujao. Njoo, wewe unajua kuzungumza na watu wa afisi. Waulize, kabla hawajanunua hata nguzo moja ya seng'enge, funguo za lango zitakaa kwa nani, na mwaka wa kiangazi litafunguliwa saa ngapi. Wakijibu hilo mbele ya watu wote, nami nitakupa jibu langu.

Mama yako