Jibu: Simu kuzima ikiwa na 30% asubuhi, Uyole (Mbeya)

Mkuu, kwa ulivyoeleza (simu ina miaka mitatu, waranti imeisha, asubuhi inazima ikiwa na 30% lakini mchana iko sawa), usikubali kubadilishiwa bodi (sakiti kuu ya simu) kwanza. Dalili hizo ni za betri iliyochoka. Baridi ya Juni na Julai huongeza ukinzani (ugumu wa umeme kupita) ndani ya betri; ukifungua kamera volti inaporomoka ghafla, simu inajizima ingawa chaji ipo.

iPhone huonyesha afya ya betri kwenye mipangilio. Ikishuka chini ya 80%, badilisha. Samsung pima kwa programu ya Samsung Members.

Waranti kuisha si mwisho, vituo rasmi hubadilisha kwa malipo. Ukimpelekea fundi wa mtaani pale Mwanjelwa, linganisha namba iliyoandikwa kwenye betri ya zamani na mpya. Umbo lilelile halafu mAh (kipimo cha uwezo wa betri) karibu mara mbili? Hiyo ni namba ya stika tu, si uwezo halisi. Chaji iwe chini ya 25% kabla ya kufungua, gundi ilainishwe kwa joto la wastani, na fundi asichokonoe betri kwa bisibisi: ikitoboka inaweza kuwaka.

Mfuniko wa nyuma ukianza kuinuka, betri imevimba: acha kuichaji simu leo hii.