Kuandika na kusoma jina la taaffeite

Ukianza kazi ya kupanga sampuli za madini na kuziandikia lebo, mapema utakutana na majina yanayosumbua jicho. Taaffeite ni mojawapo. Ni madini adimu, huenda usiyashike mkononi kwa miaka, lakini jina lake lina mafunzo mengi kwa anayeanza, ndiyo maana huwa napenda kufundishia nalo.

Tahajia kwanza: a mbili, f mbili, e, kisha -ite. Kwa msemaji wa Kiswahili a mbili si tatizo, tuna saa na kaa. Panapoteleza ni kwenye f ya pili, kwa kuwa hatuna mazoea ya kurudia konsonanti hivyo, na kwenye e inayotangulia -ite, ambayo haisikiki kabisa. Jina hutamkwa karibu na "taafaiti". Anayeandika kwa kufuata sikio ataangusha herufi mbili, na akitafuta katika orodha ya madini hatapata kitu. Kwa hiyo usilikariri jina la madini. Kariri jina la mtu. Andika Taaffe kamili, usipunguze chochote, halafu ongeza -ite, kiambishi chenye asili ya Kigiriki kinachotumika kuunda majina ya mawe.

Mtu huyo ni Richard Taaffe, mtaalamu wa vito aliyeishi Dublin, Ireland. Mwaka 1945 alinunua kwa sonara mchanganyiko wa vito vilivyokwisha kuchongwa. Kimoja, cha rangi ya zambarau hafifu na uzito wa karati 1.419, kilifanana na spineli, aina nyingine ya kito, kwa karibu kila kipimo. Taaffe alikitazama kwa kukikuza, akaona vumbi na mikwaruzo ya upande wa nyuma ikionekana miwili miwili. Hapo ndipo penye utamu wa habari hii. Spineli haigawanyi mwanga, kwa hiyo kitu kilicho nyuma yake huonekana kimoja tu. Alikipeleka kito London, kwenye maabara aliyofanyia kazi mtaalamu wa vito B. W. Anderson, na uchunguzi ukathibitisha kwamba ni madini mapya yenye beriliamu, magnesiamu, alumini na oksijeni. Maelezo rasmi yalitoka mwaka 1951. Kwa kawaida madini mapya hutambuliwa kutokana na mawe ghafi. Haya yalikuwa ya kwanza kutambuliwa kutokana na kito kilichokwisha kuchongwa.

Basi jina lenyewe halikuambii lolote kuhusu kemia ya jiwe. Linamheshimu mtu aliyetazama kwa makini pale ambapo wengi wangeridhika na jibu la kwanza. Naona ni heshima iliyostahili, na hiyo inatosha kuwa sababu ya kutompunguzia herufi.

Ila usiishie hapo. Mwaka 2002 majina ya kundi la madini ambamo taaffeite imo yalipangwa upya, na jina lake rasmi sasa ni magnesiotaaffeite-2N'2S. Usitishike nalo. Magnesio- inasema magnesiamu ndiyo iliyotawala. N' na S ni aina mbili za matabaka yanayojenga fuwele, S ikiwa tabaka la muundo wa spineli, na tarakimu zinaonyesha idadi ya kila aina katika kipande kinachojirudia. Kumbe ule ufanano uliokaribia kumpoteza Taaffe umo ndani ya jina jipya. Alama ndogo ya juu baada ya N ni sehemu ya jina, usiiache.

Mpangilio huohuo uliigusa musgravite, madini mengine ya kundi hilo, iliyopewa jina la safu ya milima ya Musgrave nchini Australia. Siku hizi ni magnesiotaaffeite-6N'3S. Masonara bado wanatumia majina ya zamani, na katika mazungumzo hakuna ubaya. Kwenye lebo, mimi huandika jina rasmi kwanza na la zamani chini yake, ili anayetafuta kwa lolote kati ya hayo alipate jiwe.

Vipimo vya kawaida vya mwanga na uzito havitenganishi mawe haya mawili kwa uhakika. Inahitajika miali ya eksirei au spektroskopia ya Raman, yaani kipimo kinachotumia mwanga wa leza. Kabla matokeo hayajafika, andika "kundi la taaffeite" na uache nafasi ya tarakimu wazi, hata kama mwenye jiwe ana haraka.