Kabla hujahamia FreeBSD, ijue kwanza kadi yako ya waifai

Usiku ule niliposakinisha FreeBSD, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, kwenye laptopu yangu, mashine iliwaka bila matatizo, ikaniuliza jina na nywila, nikaingia. Nikakuta skrini nyeusi, maandishi meupe na kishale kinachonikonyeza. Ili nipate madirisha na ikoni ilibidi nipakue programu, ili nipakue ilibidi niwe na intaneti, na kadi yangu ya waifai mfumo haukuitambua kabisa. Windows nayo nilikuwa nimeshaifuta, kwa mbwembwe.

Kilichoniokoa ni waya wa kuchajia simu. Nilichomeka simu ya Android, nikaiambia igawe intaneti kwa USB, kisha nikaandika `kldload if_urndis` (kupakia draiva) na `dhclient ue0` (kuomba anwani ya mtandao). Mtandao ukaingia.

Kwa hiyo ukinijia leo na hamu ya kuhama, swali langu la kwanza litakuwa hilo la kadi. Washa laptopu kwa flashi ya kusakinishia, chagua kuingia bila kusakinisha, andika `pciconf -lv`, usome jina la kadi, halafu ulilinganishe na orodha ya vifaa inayotolewa na kila toleo. Kadi nyingi za Intel hukubali. Ukiona Broadcom, tafuta mapema adapta ndogo ya USB inayotambulika. Ni kazi ya dakika kumi, ambazo mimi sikuzitoa.

Madirisha hayana shida sana: unasakinisha `drm-kmod`, yaani draiva za kadi ya picha, unaongeza mstari mmoja kwenye faili la mipangilio `/etc/rc.conf`, unajiingiza kwenye kundi la `video`. Hatua hii ya mwisho niliiruka, nikahangaika jioni nzima nikilaumu kadi ya picha isiyo na kosa. Soma mwongozo rasmi taratibu. Umeandikwa vizuri kuliko video nyingi utakazokutana nazo.

Utaambiwa Linux ni rahisi zaidi. Ni kweli, na wengi ningewashauri waanzie huko. Mimi nimeng'ang'ania hapa kwa sababu ya ZFS, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski, ambayo unaichagua wakati wa kusakinisha. Kabla ya kusasisha chochote naandika `bectl create kabla`, na mfumo mzima unahifadhiwa jinsi ulivyo, kwa sekunde chache. Siku moja nilisasisha, draiva ya picha ikagombana na kiini kipya cha mfumo (kernel), skrini ikawa giza. Niliwasha upya, kwenye menyu ya mwanzo nikachagua "kabla", nikarudi kazini chai ikiwa bado moto. Barua na picha zangu hazikuguswa, maana zinakaa sehemu nyingine ya diski. Lakini usilichukulie hilo kuwa bakapu; diski ikifa, vyote vinakwenda pamoja.

Firefox na LibreOffice zipo na zinafanya kazi zilivyozoeleka. Pa kuvumilia ni filamu za kulipia: huduma nyingi hutaka programu ya kulinda hakimiliki (DRM) ambayo haikutengenezewa FreeBSD. Kuna njia ya kuzunguka kwa kuendesha kivinjari cha Linux ndani yake. Niliifuata mara moja, ikanichosha. Natazama kwenye simu.

Na laptopu yangu hadi leo ikifunikwa hailali vizuri: mara inaamka, mara haiamki. Nimezoea kuizima.