Anza na Maji: Ushauri kwa Wanaoanza Kusoma Habari za Wakuu wa Waviking wa Ireland

Wanafunzi wengi wanaotaka kuandika juu ya Waviking wa Ireland, yaani wavamizi wa baharini waliotoka Skandinavia, huja wakiwa tayari wamemchagua mtu wao, naye ni Turgesius, mkuu wa Waviking wa karne ya 9, ambaye wamesoma mahali kwamba aliitawala nchi nzima kutoka katika ngome yake ziwani. Ushauri wangu wa kwanza kwenu ni kuliweka jina hilo kando kwa muda na kutandaza ramani ya mito na maziwa, kwa sababu nguvu za wakuu hawa haziwezi kueleweka bila kujua maji yaliwafikisha wapi.

Utazameni mto Shannon, unaopita katika ziwa Lough Ree, kisha Lough Derg, kabla ya kufika Limerick na kuingia Atlantiki. Merikebu za Waviking ziliweza kwenda katika maji ya kina kifupi, kwa hiyo mkuu aliyeweka kambi Lough Ree aliweza kushambulia falme mbili za wenyeji, Connacht upande wa magharibi na Mide upande wa mashariki, bila kuziacha merikebu zake mbali. Kandokando ya maji hayo zilikuwapo monasteri kubwa kama Clonmacnoise, Clonfert, Terryglass na Lorrha, zenye vyombo vya thamani, akiba ya chakula, na watu walioweza kutekwa na kuuzwa utumwani. Kaskazini, ziwa Lough Neagh lilitumika kwa namna hiyohiyo, na Waviking walikaa huko majira ya baridi ya mwaka 840 kuingia 841. Mwaka huohuo wa 841 zilianzishwa kambi za pwani za Linn Duachaill na Dublin. Mkishaiona mistari hiyo ya maji, mtaelewa kwa nini wavamizi waliokuja tangu 795 kupora na kuondoka walianza kukaa.

Sasa rudini kwa Turgesius, ambaye katika maandishi ya kale huitwa Turgéis. Kumbukumbu za mwaka kwa mwaka za Ulster, ambazo ni shahidi wa karibu zaidi tulio naye, zina sentensi chache tu: kambi ya wageni, yaani Waviking, ilikuwa Lough Ree, Connacht na Mide zikaporwa, monasteri nilizozitaja zikachomwa, kisha Turgéis akakamatwa na Máel Sechnaill, mfalme wa Mide, na akazamishwa katika ziwa Lough Owel. Hayo yote ni ya mwaka 845. Msishangae mkiona 844 katika baadhi ya vitabu, kwani miaka iliyoandikwa katika hati hiyo iko nyuma kwa mwaka mmoja katika sehemu hii, na wahariri wameisahihisha.

Habari nyingine zote mlizosikia zimeandikwa karne nyingi baadaye. Kwamba mkewe, Ota, aliketi juu ya altare ya Clonmacnoise akitoa uaguzi, ni habari ya kitabu cha karne ya 12 kilichoandikwa kuutukuza ukoo wa Brian Boru, mfalme wa Ireland aliyepigana na Waviking, na ukoo huo ulinufaika kila adui wa zamani alipoonekana mkubwa na mwovu zaidi. Kwamba aliuawa na vijana wasio na ndevu waliovalishwa kama wasichana, wakiwa wameficha visu, ni masimulizi ya Gerald wa Wales, kasisi na mwandishi, mwishoni mwa karne hiyohiyo. Sisemi mzitupe simulizi hizo, maana zinatufundisha mengi juu ya karne ya 12. Nasema tu kwamba zisiingizwe katika aya inayohusu mwaka 845 kana kwamba ni ushahidi wa aliyeona.

Kosa jingine la wanaoanza ni kudhani kwamba kila ngome iliyo kisiwani ilikuwa ya Waviking. Watu wa Ireland wenyewe walikuwa na kranogi, yaani visiwa vilivyojengwa ziwani kwa magogo, mawe na udongo, na Lagore kilikuwa makao ya wafalme. Mwaka 850 kisiwa hicho kilisawazishwa na ardhi, na aliyefanya hivyo alikuwa Cináed mac Conaing, mfalme wa Ciannachta, akisaidiwa na Waviking dhidi ya Máel Sechnaill huyohuyo. Mwaka uliofuata Cináed naye alizamishwa majini na Máel Sechnaill. Kwangu mimi hapa ndipo somo linaponoga: mfalme mmoja alimwadhibu mkuu mgeni na mfalme mwenyeji kwa kifo cha namna moja, na kuugawa ulimwengu ule katika kambi mbili, wageni huku na wenyeji kule, kunakuwa kazi ngumu.

Wanaopenda akiolojia wasiishie kwenye mahandaki ya kambi. Huko Woodstown, kando ya mto Suir karibu na Waterford, ambako kambi iligunduliwa mwaka 2003 wakati wa maandalizi ya barabara, ardhi ilitoa mawe ya mizani ya madini ya risasi, vipande vya fedha na misumari ya merikebu, vitu vya watu waliopima, waliouza na kutengeneza vyombo vyao.

Kwa kuanzia, fungueni maandishi ya Ulster katika hazina ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Cork, ambayo ni ya bure na ina tafsiri ya Kiingereza. Someni kuanzia mwaka 837, merikebu 60 zilipoingia mto Boyne na nyingine 60 mto Liffey, hadi 851. Kila ziwa, mto na kisiwa kinachotajwa kiwekeni alama kwenye ramani pamoja na mwaka wake, na majina ya wakuu yaandikeni mwisho.