"Crowd out" si kufukuza

Kwa aliyeuliza kama "crowd out" ni sawa na kufukuza: hapana, usizichanganye. Kufukuza ni "drive out", na hapo yupo anayetumia nguvu au vitisho. "Crowd out" ni kitu kimoja kuzidi na kutanda mpaka kingine kinakosa nafasi, hata kama hakuna aliyekusudia. Magugumaji yakifunika ziwa, mimea ya chini hukosa mwanga: "The weeds crowd out other plants."

Utalikuta zaidi kwenye habari za uchumi. Serikali ikikopa mno kwenye soko la ndani, riba hupanda, na benki huona afadhali zinunue hati fungani, yaani ziikopeshe serikali, kuliko kumkopesha mwenye duka. Kenya ilipoweka ukomo wa riba za mikopo ya benki mwaka 2016 (ukafutwa 2019), lalamiko kubwa lilikuwa hilohilo, kwamba benki zinaipendelea serikali: wafanyabiashara wadogo "were crowded out".

Kisarufi, nomino hukaa katikati au mwishoni, lakini kiwakilishi lazima kikae katikati: "crowd them out". Ukiandika "crowd out them" umekosea, na mtihanini utapoteza alama.