Barua kwa Mwanangu: Ndiyo, Bibi Yako Alikuwa Mwalimu wa UPE

Mwanangu, mama,

Jumapili uliponipigia uliuliza swali moja kisha ukanyamaza, nikajua limekukaa moyoni siku nyingi. Mhadhiri wenu kawaambia kwamba walimu wa UPE, ule mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote (Universal Primary Education), ndio walioshusha elimu ya nchi hii, nawe ukakumbuka kwamba Bibi yako alishika chaki akiwa na darasa la saba tu. "Baba, Bibi naye alikuwa mmoja wao? Na ni kweli wanayosema?" La kwanza nilikujibu palepale: ndiyo, alikuwa mmoja wao. La pili nimeona nikuandikie. Nimekuita mama tangu ukiwa kwenye mbeleko kwa kuwa umebeba jina lake, na jina la mtu hubebwa na habari zake.

Novemba 1974 lilipitishwa Azimio la Musoma, kwamba ifikapo 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa shule awe darasani. Ada ilikuwa imeshafutwa mwaka 1973. Watoto wakaja. Huku kwetu Masasi watu walikuwa wametoka kuhamishiwa vijijini, nyumba nyingine hazijaezekwa, na watoto wamejaa chini ya mikorosho wakimngoja mwalimu ambaye hayupo. Vyuo visingeweza kuwatoa walimu wote hao kwa wakati. Ndipo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundwa ualimu hukohuko vijijini kwa miaka mitatu: saa chache unafundisha, saa nyingine unasoma mwenyewe, kwa masomo ya posta, kwa redio na kwa mratibu. Waliohitimu kwa njia hiyo walizidi 35,000. Bibi yako aliingia 1976, ana miaka 17.

Sitakuficha. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha. Alinifundisha mimi mwenyewe, na nilipofika kidato cha kwanza nilikaa muhula mzima nikijifunza upya matamshi niliyoyachukua kwake. Kwa hiyo mhadhiri wenu hajasema uongo. Mtaani zile herufi tatu walizifanya "Ualimu Pasipo Elimu", na nilimsikia mtu akimwambia hivyo mnadani, mimi nina miaka tisa, nimemshika mkono. Hakujibu. Alinibana vidole kidogo, akaendelea kuchagua dagaa.

Lakini mhadhiri wenu hakulala nyumba moja naye. Mimi nililala. Kila usiku, tukishakula, alifuta meza, akasogeza kibatari, akaandika andalio la somo la kesho. Alilisoma somo lenyewe kwanza kama mwanafunzi, kwa sauti ya chini, na pale alipokwama nilimsikia akikwama. Darasani mtoto akimuuliza asichokijua, alisema mbele ya wote: "Hilo silijui. Kesho nitakuja nalo." Na kesho alikuja nalo, hata kama jioni ile alitembea hadi kijiji cha pili kumuuliza mwalimu mwenzake. Nimesoma kwa walimu wengi baada yake, wenye vyeti vikubwa, na sikumsikia hata mmoja akiyatamka maneno hayo.

Madaftari yale ya maandalio aliyatunza kwenye sanduku la bati. Tangu tumzike nimekuwa nikiyafungua moja moja. Unajua mwisho wa andalio kuna sehemu ya tathmini. Wengi huandika "Somo limeeleweka", basi. Nakunakilia moja la kwake, hesabu za darasa la kwanza, somo la makumi na mamoja: "Watoto 61 kati ya 74 wameelewa. Kumi na watatu bado. Kesho nianze na hao, kwa korosho, vijiti wanavichezea." Chini yake kaandika majina yao kumi na matatu. Andalio la kesho yake limeanza na majina yaleyale, na mbele ya tisa kati yao pana alama ya vema.

Korosho hizo nazikumbuka, ghafi, na maganda yake, kumi kumi ndani ya vifuko vya kaniki alivyoshona mwenyewe. Watoto waliokuja shule wakijua Kimakua tu aliwahesabia kwanza kwa Kimakua, kisha kwa Kiswahili, akiigonga kila korosho mezani kwa ncha ya ile rula yake ndefu ya ubao.

Baadaye ikaja amri kwamba walimu wa daraja la IIIC, la walioishia darasa la saba, wapande hadi IIIA, la waliofaulu kidato cha nne. Wenzake kadhaa walivunjika moyo. Yeye akajiandikisha mtihani wa QT, ule wa kumfungulia mlango mtu asiyesoma sekondari, kisha wa kidato cha nne, mtu wa miaka arobaini na kitu. Mimi nilikuwa nimeshamaliza kidato cha nne, basi ikawa zamu yangu kukaa upande wa pili wa kibatari nimwelekeze milinganyo. Kwenye meza ile aliniita "mwalimu" bila utani wowote. Akikosa, alisema, "Mwalimu, sijaelewa, rudia." Hisabati alianguka mara ya kwanza. Alilia usiku mmoja, nami nilisikia. Asubuhi akaniuliza tunaanzia wapi.

Alistaafu 2019. Nimelisoma andalio lake la mwisho, kusoma silabi, darasa la kwanza. Tathmini inasema: "Wote wamesoma isipokuwa mmoja. Nimemwambia awe anakuja nyumbani."

Wewe ulikuwa sekondari ya bweni miaka ile, hukumwona mtoto huyo. Alikuja kila Jumamosi, miaka miwili, wakikaa barazani wakisoma. Sasa yuko darasa la saba. Juzi alipita hapa, akasalimia, akasimama mlangoni kwa muda, halafu akaniuliza kama naweza kumpa ile rula. Nimempa.

Ukija Desemba sanduku liko chini ya kitanda changu. Madaftari ni yako.

Baba yako