Mwambie Mteja Afungue Boksi

Ninyi mnaoanza uwakala wa forodha hapa Kisumu mtahimizwa kujaza fomu chapuchapu. Jazeni, ila mkifika kwenye maelezo ya bidhaa, shusheni kalamu kwanza.

Nilikuwa na mwaka wa pili kazini mteja aliponiletea engalabi, ile ngoma ndefu ya Waganda, ipelekwe kwa mwanawe Ujerumani. Nikaandika "ngoma ya mbao na ngozi," nikaenda zangu kunywa chai. Mzigo ukazuiwa uwanja wa ndege. Afisa aliniita nipapase ile ngozi: magamba madogo madogo kama punje za mtama, safu kwa safu. Mbuzi ana magamba tangu lini? Ilikuwa ngozi ya kenge, na mimi sikuwa nimefunua hata karatasi iliyofungiwa ngoma. Mteja alipoteza ngoma, nami nikampoteza mteja.

Kenge wa Nile yumo kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, ule wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliotiwa saini Washington mwaka 1973 na Kenya ikaingia 1978. Wengi wakisikia "kiambatisho" hudhani ni marufuku. Sivyo. Cha Pili kinaruhusu biashara, mradi kuna kibali. Ngoma yangu, kwa kuwa ilitoka Uganda, ilitaka karatasi ya Uganda kwanza, kisha cheti cha Kenya cha kuisafirisha tena. Huku kwetu wanaotoa ni KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Na mtazame tarehe, kwa sababu kibali cha kusafirisha nje hakipiti miezi 6, na kuna wateja huja nacho kimeshakufa.

Kiambatisho cha Kwanza hakina mazungumzo marefu: ndovu wetu, kakakuona, kasuku wa kijivu. Aliyetolewa mwituni hauzwi nje kibiashara, basi. Hata kwa safari isiyo ya biashara, nchi inayopokea nayo lazima itoe kibali chake.

Linaloniudhi zaidi ni kosa la waliosoma kidogo: mtu anatafuta jina kwenye orodha ya CITES, halipati, anashusha pumzi. Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa Naivasha, hapo tu kaunti ya Nakuru, wakiwa na sisimizi wapatao 5,000 waliotiwa kwenye vichupa vyenye pamba. Wengi wao walikuwa Messor cephalotes, ambao hawamo kwenye kiambatisho chochote. Lakini sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 haingoji CITES. Mwezi Mei mahakama iliwapa kila mmoja faini ya shilingi milioni 1 au miezi 12 jela. Kwa sisimizi!

Kwa hiyo mteja akisema "ni ngozi tu" au "ni wadudu tu," mwombeni jina la kisayansi. Asipolijua, boksi lifunguliwe mezani, mbele yake. Kioo cha kukuzia kiko droo yangu ya chini. Kichukueni, ila kirudi, kile cha kwanza sijui aliyeondoka nacho.